Gari la Kuazima

Ndugu msikilizaji, wiki hii naomba nikupakie kwenye gari. Si gari langu. Nililiazima kwa shemeji yangu wakati wa likizo ya Juni, naye alinipa masharti mawili: nisilikimbize, na nilirudishe na mafuta. Sharti la kwanza ndilo lililozaa mazungumzo ya leo.

Kutoka Tanga mjini hadi Lushoto, mwenye haraka hutumia saa tatu au nne. Sisi tulitumia kutwa nzima. Tulikuwa mimi, mke wangu, kijana wetu wa darasa la nne, na mama yangu mzazi, ambaye alikaa kiti cha mbele kama ilivyo haki yake.

Nikiri kwamba barabara ile nimeipita miaka mingi, lakini kwa basi. Na abiria wa basi, msikilizaji, haijui nchi. Korogwe anaijua kwa chipsi na dakika kumi za kuchimba dawa. Muheza anaijua kwa mikono ya wauza machungwa inayochungulia dirishani. Kondakta akigonga bodi, basi, Muheza imekwisha. Safari hii tulishuka. Tulikalia magunia, tukamenya machungwa pamoja na muuzaji mwenyewe, akatusimulia jinsi wafanyabiashara wa mjini wanavyonunua matunda yakiwa bado mtini, shamba zima kwa mkupuo, na jinsi bei inavyopangwa na shida aliyonayo mwenye shamba siku hiyo. Nimekula machungwa ya Muheza tangu utoto, na sikuwahi kuuliza.

Tulipoipita Segera na kushika njia ya Korogwe, mashamba ya mkonge yakaanza, mistari imenyooka mpaka macho yanachoka. Kijana wetu akauliza:

“Baba, haya mananasi makubwa ni ya nani?”

Mama alicheka mpaka akafuta machozi. Kisha akanyamaza, na mimi nikaona aibu. Mtoto wa Tanga haujui mkonge!

Nikamweleza ninayoyajua. Kwamba mkonge si mmea wetu wa asili. Mjerumani mmoja, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani, mwaka 1893, na iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Kwamba katika miaka ya mwanzo ya uhuru nchi yetu iliongoza duniani, na mwaka 1964 ilitoa zaidi ya tani 200,000 za katani, kabla kamba za nailoni hazijaliharibu soko. Kwamba ile nguzo ndefu inayochomoza katikati ya mmea huitwa mlingoti, na mkonge ukishautoa, umekwisha, unakufa.

“Umemaliza?” mama akauliza. “Sasa mwambie nani aliukata.”

Hilo sikuwa nimelisema. Baba yangu aliletwa kutoka Kigoma akiwa kijana, akaweka dole gumba kwenye karatasi ambayo hakuweza kuisoma. Alikuwa manamba. Waliitwa hivyo kwa sababu kila mmoja alipewa namba, na mnyapara aliita namba. Mama alimkuta kambini, karibu na Mombo. Yeye kazi yake ilikuwa kuanika katani juani. Mambo haya nilikuwa nikiyajua kama mtu anavyojua kwamba ana figo. Sikuwahi kuyazungumza na mwanangu, na baba alikufa kabla hawajaonana.

“Majani thelathini, mzigo mmoja,” mama alimwambia mjukuu wake. “Ukikosea hesabu, mzigo haupokelewi. Na ncha ile ina mwiba. Babu yako alikuwa na kovu hapa, chini ya jicho.”

Mombo tuliacha barabara kuu, tukaanza kupanda. Ni kilometa kama 33 za kona, ukuta wa mlima upande mmoja na korongo upande mwingine. Gari la shemeji likachemka. Tukasimama Soni kulipoza, karibu na maporomoko, tukapigwa na manyunyu na tukanunua karoti zenye udongo bado. Malori ya mboga yalitupita yakiteremka kwenda sokoni Dar es Salaam. Kwa kweli sikumbuki lini mara ya mwisho nilikaa saa nzima bila kutazama saa.

Lushoto mjini, ambako Wajerumani walipaita Wilhelmstal, hatukukaa sana. Jua lilikuwa linashuka, nasi tukaenda Irente, pale mlima unapokatika ghafla na tambarare ya Mombo na Mazinde kuonekana chini kabisa, kama mita 1,000 hivi. Mkonge unaonekana kama kitambaa kilichochanwa kwa kitana.

Mama alisimama akiegemea bega la kijana, akitafuta kwa kidole mahali ilipokuwa kambi.

“Miaka yote ile,” akasema, “huu mlima tulikuwa tunautazama kutoka kule chini. Tukisema, juu kule kuna baridi na maji.”

“Babu hakupanda hata siku moja?” kijana akauliza.

“Siku ya mapumziko,” mama akajibu, “babu yako alikuwa analala.”

Nilitaka tuondoke kabla ya giza, kwa sababu ya zile kona. Mama akasema tungoje kidogo.