Panya dereva na mtoto wa mjini

Mpenzi msikilizaji, leo nakuletea habari za panya. Simsemi yule anayetoboa gunia lako la unga. Huyu wangu anaendesha gari.

Mwaka 2019 Kelly Lambert, mtaalamu wa ubongo wa Chuo Kikuu cha Richmond huko Marekani, pamoja na wenzake, walitangaza kuwa wamewafundisha panya udereva. Gari lenyewe lilikuwa chombo cha plastiki cha kuwekea chakula, kimefungwa magurudumu na kutandikwa bati la alumini. Mbele zilikuwapo fito tatu za shaba. Panya akisimama juu ya bati na kushika shaba, umeme unapita na gari linaondoka, ama kushoto, ama kulia, ama mbele. Akifika, zawadi yake ni kitafunwa kitamu.

Utauliza, faida yake nini? Udereva ni kazi ya hatua nyingi, na mnyama anapojifunza kazi ya namna hiyo, mtaalamu hupata nafasi ya kuona ni nini kinachousaidia ubongo kujifunza.

Basi panya hao walilelewa kwa namna mbili. Kundi moja liliwekwa katika vizimba vya kawaida vya maabara. Jingine lilipewa nafasi pana, yenye vitu vya kupanda na kuchezea. Hili la pili ndilo lililojifunza vizuri zaidi, na hata zawadi zilipokoma, halikuchoshwa na gari. Tena, homoni zilizopimwa katika kinyesi zilionyesha dalili kwamba mafunzo yaliwaongezea ustahimilivu panya wa makundi yote mawili.

Mtoto si panya, nakubali. Lakini wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, nasi tumezoea kuuelekeza msemo huo kwenye adabu tu. Mimi nasema mahali pa kulelea pamo humo pia. Mitaani kwetu kiwanja cha watoto kikigeuka safu ya maduka, tunaita maendeleo. Mtoto anatoka darasani, anaingia masomo ya ziada, kisha anafungiwa ndani. Matokeo yakiwa mabaya, tunasema kichwa chake kizito.

Ndugu mzazi, na wewe diwani unayegawa viwanja, kabla ya kukipima kichwa cha mtoto, kipimeni kwanza kizimba tulichomweka.

Kwa leo naishia hapo.