Mwenye Kuta Si Mwenye Mawimbi



Mwenye jengo ana haki ya kufunga mlango wake. Je, anayo pia haki ya kuziba mawimbi ya redio yapitayo ndani ya jengo hilo?

Mwaka 2014 swali hilo lilijibiwa Marekani. Hoteli moja ya kampuni ya Marriott, mjini Nashville, ilitumia mitambo kukata intaneti ambayo wageni waliipata kwa vyombo vyao wenyewe. Wakati huo huo, waliokuja kwenye mikutano na maonyesho walitozwa dola 250 hadi 1,000 kwa kila chombo ili watumie intaneti ya hoteli. Tume ya Mawasiliano ya nchi hiyo iliingilia kati, na kampuni ikakubali kulipa dola 600,000.

Kampuni ilijitetea kwamba iliwakinga wageni na wezi wa taarifa. Ulinzi ni jambo jema; lakini anayemzimia mgeni taa yake ili amuuzie mshumaa si mlinzi, ni mchuuzi.

Kifungu cha 333 cha Sheria ya Mawasiliano ya Marekani kinakataza kuvuruga kwa makusudi mawasiliano ya redio yaliyoruhusiwa, wala hakimsamehe mwenye jengo. Basi na atoze kodi ya chumba. Mawimbi ayaache yapite.