Wingi Uliohama Bila Kura



Tarehe 24 Januari 2019 Félix Tshisekedi aliapa kuwa Raisi wa Kongo, lakini Bunge halikuwa lake. Katika viti 500, FCC, muungano wa vyama wa Joseph Kabila, raisi aliyemtangulia, ilishika zaidi ya 330. CACH, muungano wa Tshisekedi mwenyewe, haikufika 50. Mgombea urais wa FCC, Emmanuel Ramazani Shadary, mtoto wa Maniema yetu hii, alishindwa huku upande wake ukibeba Bunge. 

Kifungu cha 78 cha Katiba kinataka Waziri Mkuu atokane na wingi wa Bunge. Kwa hiyo Sylvestre Ilunga Ilunkamba aliteuliwa Mei, na mawaziri hawakutangazwa mpaka mwisho wa Agosti. Miezi saba ilikwisha watu wakigawana wizara. Barabara ya Bukavu–Kasongo iliachiwa nani wakati huo? Mvua.

Kuongoza bila wingi wako mwenyewe si jambo geni kwetu. Mwaka 1960 chama cha Lumumba kilikuwa na viti 33 tu kati ya 137. Usiku wa tarehe 23 Juni serikali yake ilipata Bungeni kura 74 za kuikubali. Ilihitaji 69, na wabunge 57 hawakuwepo ukumbini. Wingi mwembamba, lakini waliompa walikuwa wametoka kwa wapiga kura mwezi mmoja tu nyuma.

Sasa turudi kwa Tshisekedi, mtazame wingi wa pili wa Bunge lile. Tarehe 6 Desemba 2020 Raisi alitangaza kwamba muungano wake na FCC umekwisha. Siku nne baadaye Jeanine Mabunda wa FCC aliondolewa kwenye uspika wa Bunge, kura 281 kwa 200. Modeste Bahati Lukwebo akapewa kazi ya kutafuta wingi mpya, akaupata. Tarehe 27 Januari 2021 wabunge 367 walimwangusha Ilunkamba, na wengi wao walikuwa wameingia Bungeni chini ya bendera ya FCC. Katikati hapo hakuna kijiji kilichopiga kura.

Kifungu cha 110 kinasema anayekiacha chama chake kwa makusudi amekiacha kiti. Wabunge waliohama wakashika cha 101: mbunge ni wa taifa zima, hafungwi na agizo la mtu. Wakabaki na kadi za vyama, wakahama muungano. Mwanasheria ataiita hoja. Mimi naona mtu aliyehama nyumba usiku akaacha kofia mlangoni.

Sitetei FCC, nyumba ya wakubwa wawili ilikuwa imekwama. Ila kifungu cha 148 kinamruhusu Raisi, mgogoro ukidumu, kulivunja Bunge na kuturudisha kwenye masanduku. Hakulivunja.

Mbunge mliyemchagua Desemba 2023 akija likizo ya Bunge, mketisheni barazani mumwulize: bendera uliyotuombea kura nayo, bado unayo?