Wajibu wa Vyama vya Michezo kwa Watoto



Mwaka 2015 viongozi wa chama cha jimnastiki cha Marekani walipata habari kwamba daktari wa timu ya taifa, Larry Nassar, alikuwa akiwadhalilisha wasichana aliopewa kuwatibu. Chama kilianza kwa kujichunguza chenyewe. Ikapita takriban mwezi mmoja na wiki moja ndipo wapelelezi wa serikali wakaarifiwa. Wakati huo wote, na hata baadaye, daktari huyo aliendelea kupokea wagonjwa chuoni alikofanya kazi.

Januari 2018 Nassar alihukumiwa kifungo cha miaka 40 hadi 175. Mwezi uliofuata sheria mpya ikatiwa saini: mtu mzima aliyepewa na chama cha michezo dhamana ya kushughulika na watoto, akishuku udhalilishaji, hana budi kutoa taarifa katika muda wa saa 24.

Ndugu zangu, tusidhani hayo ni ya Wamarekani peke yao. Tanzania Bara, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye habari za mtoto anayevunjiwa haki azifikishe kwenye serikali ya mtaa. Kocha na mwalimu wa michezo ni wanajamii. Kwa hiyo tuhuma isiishie katika kikao cha klabu. Kikombe kilichopotea msimu huu kitashindaniwa tena mwakani. Utoto wa mtu haurudi.