Strungi Haiui Corona: Mazungumzo na Vijana wa Kericho na Bomet

(Nakala ya mazungumzo yaliyotolewa kwa njia ya simu, Jumamosi, 4 Aprili 2020)



Nashukuru mmeingia mapema. Kawaida saa hizi tungekuwa tumekaa mkekani baada ya swala, mabega yakigusana. Sasa misikiti imefungwa na kafyu inaanza saa moja jioni, kwa hivyo tunaongea kwa simu. Wale ambao mtandao unawakatikia msijali, maneno haya yataandikwa kwenye ukurasa wetu.

Leo sitaongea mambo makubwa. Nataka kuongea chai.

Siku kumi hivi zilizopita, saa tisa usiku, simu yangu ililia. Nikaona ni kogo, nyanya yangu, kutoka upande wa Mogogosiek. Simu ya mzee saa tisa usiku kila mmoja wetu anajua huwa inaleta nini. Niliiangalia ikilia mpaka ikakaribia kukatika, ndipo nikashika. Kogo mzima kabisa. Sauti imechangamka. Akaniambia: "Amka uchemshe strungi. Usitie maziwa. Unywe kabla jua halijatoka, na uwaamshe watoto nao wanywe."

Nyinyi mnaijua hadithi yenyewe, manake wengi wenu mliamshwa usiku huo huo. Eti kuna mtoto mchanga amezaliwa, akaongea, akasema watu wanywe chai ya rangi ndio wasishikwe na corona, halafu akafa. Mahali alipozaliwa palibadilika kulingana na anayesimulia. Wengine walisema ni kaunti hii, wengine ile. Magharibi ya Kenya yote taa zilikuwa zinawaka, masufuria yako jikoni. Na mimi ninayewapa mazungumzo leo niliinuka nikawasha jiko. Nilijua ni uongo. Lakini nilijiambia, strungi itanidhuru nini?

Strungi haikunidhuru, ni kweli. Ila kuna kosa jingine nililolifanya kabla ya usiku ule, na hilo ndilo lililonifanya niombe nafasi hii.

Katikati ya Machi nilipokea ujumbe wa WhatsApp. Ulikuwa umeandikwa vizuri, una majina ya kemikali, una jina la daktari. Ulisema Dkt. Li Wenliang wa Wuhan, kabla hajafa, aliacha maandishi kwamba chai ina vitu vinavyoua virusi hivi, na kwamba mahospitali ya China yanawapa wagonjwa chai mara tatu kwa siku. Nikausambaza kwenye grupu ya familia bila hata kumaliza kuusoma. Sisi ni watu wa chai bwana! Babu zetu wameichuma, sisi tumesomeshwa nayo, na bei kila mara tunalia nayo. Kusikia kwamba dunia nzima sasa itaihitaji kama dawa, nani hangefurahi?

Wiki ilipopita nikampigia binamu yangu anayechuma chai kwenye shamba moja kubwa karibu na Kericho. Nikamuuliza, mnanawa mikono huko? Akacheka. "Wewe si ndiye ulituma ile habari? Sisi tunashika chai kutoka asubuhi mpaka jioni. Corona itatupatia wapi?"

Wallahi nilinyamaza.

Sasa niwaambie ukweli wa Dkt. Li. Alikuwa daktari wa macho. Mwishoni mwa Desemba 2019 aliwaonya madaktari wenzake juu ya ugonjwa mpya, na polisi wakamwita wakamkaripia kwamba anaeneza uvumi. Baadaye akaambukizwa na mgonjwa, na akafariki tarehe 7 Februari mwaka huu, akiwa na umri wa miaka 33 au 34 hivi, kijana tu. Hakuacha maandishi yoyote ya chai. Mtu aliyekaripiwa kwa kusema ukweli, leo amekufa na sisi tunamtilia uongo mdomoni. Maiti hawezi kukanusha. Mimi nimo katika waliofanya hivyo, na nimerudi kwenye grupu ile nikaandika kwamba nilikosea. Mjomba mmoja alinijibu kwa kicheko, basi.

Na zile kemikali? Zimo kweli kwenye chai, kidogo kidogo, na moja yao hutumiwa kama dawa ya pumu. Huo ndio ujanja wa uvumi mzuri: unachukua kipande cha kweli na kukishonea uongo. Hakuna kikombe cha chai kinachoua virusi hivi mwilini. Kunyweni chai, mimi mwenyewe hapa ninayo, lakini kunyweni kama chai.

Tangu mgonjwa wa kwanza atangazwe nchini tarehe 13 Machi, walioambukizwa Kenya wamepita 100, na tarehe 26 Machi tulisikia kifo cha kwanza. Kwa hivyo nirudi kwa yule binamu, manake swali lake ni la haki. Virusi vitampatia wapi?

Tufuate siku yake. Anaamka kwenye nyumba za laini, ambako mfereji mmoja ni wa familia nyingi. Alfajiri wanakusanyika kuitwa majina. Wanaingia shambani, na huko kwa kweli kuna nafasi, kila mtu na mstari wake, hewa ni nyingi. Shida inakuja wakati wa kupima. Hapo ndipo watu wanabanana, kila mmoja anataka kikapu chake kipimwe mapema. Na kwa wakulima wadogo ni hivyo hivyo kwenye vituo vya majani. Aprili ni mwezi wa mvua, majani ni mengi, foleni ni ndefu, karani ni mmoja, na kila mtu anasukuma kuona mizani inasoma kilo ngapi. Hapo mtu akikohoa, anawakoholeza wanane.

Simwambii binamu akae nyumbani. Analipwa kwa kilo, na akikaa nyumbani watoto hawali. Wanaosema "kaa nyumbani" kwa sauti kubwa wengi wana mshahara unaowafuata nyumbani. Ninachomwambia ni kwamba kwenye foleni gunia lake au kikapu chake kikae chini kati yake na aliye mbele. Mizani haikimbii. Na mikono.

Kuhusu mikono nina maneno, kwa sababu kwetu kuna jambo watu wa Nairobi hawalijui. Anayechuma chai vidole vyake vina weusi wa utomvu usiotoka. Ananawa, anaangalia, bado vyeusi. Basi anaona kunawa ni kazi bure, anakula mahindi yake vivyo hivyo. Jamani, usafi huu haupimwi kwa macho. Virusi hivi vimevikwa ngozi nyembamba ya mafuta. Maji matupu hupita juu yake kama mvua inavyoteleza juu ya jani la chai. Sabuni ndiyo inayopasua ile ngozi, na virusi vinakufa hapo hapo. Aliyewahi kuosha sufuria ya mafuta kwa maji baridi bila sabuni ananielewa. Kwa hivyo doa la chai liache, fua kile usichokiona: viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole, vidole gumba, chini ya kucha, kwa sekunde 20. Sabuni yoyote, hata kipande cha kufulia.

Kuna kijana ameniandikia swali zuri: "Sisi tunatawadha mara tano kwa siku, si tumeshakingwa?" Ndugu yangu, udhu ni ibada na umeuzoesha mkono wako kupita sehemu ambazo wengine huzisahau. Hiyo ni faida kubwa. Lakini udhu hauna sabuni. Na fikiria: unachukua maji kwa kiganja kilichotoka kushika pesa na mlango wa matatu, unayapeleka mdomoni na puani. Nawa kwa sabuni kwanza, halafu tawadha. Na lile taulo tunalolijua sote, linaloning'inia msikitini tangu mwaka jana, mkifungua msikiti mlikute halipo.

Mwingine anauliza kuhusu sanitaiza, kwamba ina pombe. Wanazuoni wengi wameruhusu kuipaka mikononi kwa kujikinga, si kinywaji. Kama bado moyo wako hautulii, una maji na sabuni, na hivyo vinatosha. Tena ni rahisi. Mimi niliona chupa ndogo ya sanitaiza ikiuzwa kwa bei ambayo ingenunua sabuni ya mwezi mzima kwa familia. Anayeuza hivyo wakati huu Mwenyezi Mungu anamuona.

Maji je? Huku juu, kuanzia Kericho mpaka Litein na Konoin, Aprili mvua inanyesha karibu kila alasiri, mabati yanatiririka. Weka ndoo. Kule Chepalungu na Sigor najua mambo ni magumu, mtu anatembea na punda kutafuta maji. Kwa nyinyi wa huko kibuyu chirizi ndicho jibu. Chukua mtungi wa lita tano uliokwisha mafuta ya kupikia, uoshe, utoboe tundu dogo kwa msumari wa moto karibu na mdomo, uuning'inize kwenye kijiti kati ya miti miwili, funga kamba kutoka mdomoni mpaka kwenye kijiti kingine chini. Ukikanyaga, mtungi unainama, maji yanatoka kama uzi. Hushiki kitu kwa mkono. Sabuni ichomwe tundu itundikwe kwa kamba kando, na kuku wasiifikie, manake wataila. Mtungi mmoja unanawisha watu wengi kuliko mnavyodhani.

Sasa kikohozi. Wiki jana nilikuwa kwenye matatu kutoka Kaplong. Sasa hivi gari la watu 14 linabeba wanane, nauli imepanda, kila mtu ana hasira. Vumbi likanipata, nikakohoa mara mbili, ndani ya kiwiko kama tulivyofunzwa. Mama mmoja akafungua dirisha. Jamaa wa nyuma akasema kwa sauti, "Huyu ateremshwe." Sikuteremshwa, lakini niliona aibu kama mwizi. Nawaambia hili kwa sababu huku kwetu kuna baridi, kuna moshi wa jikoni, kuna mvua ya mawe, na kila nyumba ina mtu anayekohoa. Tena malaria hupanda huku baada ya mvua za masika, na katika miaka iliyopita imeua watu wengi kwenye milima hii. Ninachoogopa ni mtu mwenye homa ajifiche kwa kuogopa karantini na maneno ya majirani, kumbe ana malaria ambayo ingetibiwa kwa siku tatu. Mkiona homa, kikohozi kikavu, pumzi inakuwa shida, pigeni 719, ni bure. Na mkimwona jirani anakohoa, mpelekeeni uji mlangoni. Msimpige picha.

La wazee ni gumu zaidi. Kukataa mkono wa mzee huku ni matusi. Mimi nimeona njia moja imefaulu: simama mbali kidogo, inama, sema "Chamgei" kwa sauti kabla yeye hajanyoosha mkono. Ukimwahi, haoni kama umemnyima. Na maziwa ya mursik tusiyapokezane kwa kikombe kimoja msimu huu, hata kama atakayekasirika ni mjomba.

Wale mnaotaka kukimbilia nyumbani kutoka Nairobi au Mombasa, nawasihi mngoje. Najua kazi zimefungwa, kodi inadaiwa, na kijijini angalau kuna sukuma na maziwa. Lakini huyo kogo ana miaka zaidi ya themanini na kifua chake si kizuri. Mtume, sala na salamu zimfikie, alitufunza kuhusu tauni: usiingie ilipo, na ukiwa nayo usitoke. Badala ya kuja, tuma. Tangu 17 Machi kutuma hadi shilingi 1,000 kwa M-Pesa hakukatwi kitu. Mimi nilimtumia kogo mia tatu za sabuni. Akanipigia mchana, si usiku, kunishukuru, na akaniuliza kama sabuni hiyo inywewe kabla ya jua kutoka. Sijui kama alikuwa ananitania. Alicheka sana.

Basi, kuhusu kesho. Tutatengeneza vibuyu chirizi ishirini vya kuwekwa kwenye vituo vya majani ambavyo havina maji. Tutakuwa watu watatu tu, tafadhali wengine msije hata kama mna ari. Tunachohitaji kwenu ni mitungi mitupu ya lita tano, misumari na kamba za katani. Aliye navyo aandike jina la kituo kilicho karibu naye, na aviache kwa mwenye duka, tutapita kuvichukua kabla ya saa kumi ili tuwahi kafyu. Binamu yangu ameshaahidi mitungi minne.

Nafungua maswali sasa. Aliyeinua mkono wa kwanza, zima redio kwanza ndugu yangu, tunasikia taarifa ya habari yote.