Kuzamia Baharini na Ndege ya Kurudi Entebbe

Wananchi waendao Zanzibar kuzamia kwa mitungi ya hewa aghalabu hutanguliza swali la bei. Mnemba, kaskazini-mashariki ya Unguja, ina sehemu zinazomfaa hata mwanafunzi. Pemba ina mikondo mikali, nayo yataka mzoefu. Mwenye chombo asiyedai cheti cha mzamiaji, wala hachukui oksijeni chomboni, na aachwe, hata bei yake ikiwa nafuu. Tena yampasa amwulize mgeni saa ya ndege yake. Naitrojeni iliyoingia mwilini kule chini hutoka polepole. Apandaye ndege mapema huweza kufanya mapovu ndani ya damu, hata akapooza. Aliyezamia mara kadhaa angoje saa 18 au zaidi. Na atuaye Entebbe hajarudi usawa wa bahari: uwanja huo uko zaidi ya mita 1,100 juu yake.