Ng'ombe wa Buluu

Mzazi, mwalimu, hebu sikiliza. Mtoto akikuletea mchoro wa ng'ombe wa buluu, usimsahihishe. Muulize tu: "Nisimulie, hapa kuna nini?"

Akinakili mchoro wa ubaoni, mtoto anafuata. Akichora wake, anaamua: rangi ipi, nini kiwe kikubwa, nini kiachwe.

Hata mchoraji Edward Saidi Tingatinga aliamua mwenyewe: alichora wanyama jijini Dar es Salaam kwa rangi za baiskeli. Chui wake hafanani na wa mbugani. Nani analalamika?

Rangi hakuna? Mkaa upo. Udongo upo. Boksi la sabuni, ukilifungua, ndani ni karatasi tosha.

Narudia: usimsahihishe, muulize. Nawe mwalimu, wiki hii bandika ukutani michoro ya darasa zima, si ile iliyonyooka peke yake.